Nairobi, Mji Usio na Bahari: Kutoka Stesheni ya Reli hadi Dagoretti

Miji mingi mashuhuri ya dunia ilizaliwa na bahari. Naples, katika kusini ya Italia, uliinuka kwa sababu Wayunani wa kale walipata hapo ghuba njema ya kutia nanga. Na katika pwani ya Afrika ya Mashariki, miji ya Mombasa na Lamu ilikua kwa pepo za kaskazi na kusi zilizoleta majahazi. Nairobi hauna bahari wala ziwa, na mto wake ni mdogo hata mtu aweza kuuvuka kwa hatua chache. Hata hivyo ndio mji mkubwa kuliko yote ya Kenya.

Wakulima wengi huujua mji huu kwa shida tu. Huja kufuata hati ya shamba katika Ardhi House, au kumleta mgonjwa katika Hospitali ya Kenyatta, au kumtafuta kijana aliyekawia kurudi nyumbani. Hufika asubuhi na kuondoka jioni, na kule kijijini husimulia habari za msongamano wa magari na wezi wa mifukoni. Hayo ni kweli, wala hayafai kufichwa. Lakini Nairobi una historia ambayo kila mwananchi ana fungu lake ndani yake. Tena katika pahali pazuri pa mji huu, pengi ama palifungiwa Waafrika hapo kale, ama palikaribia kunyakuliwa katika miaka ya karibuni. Ajuaye hayo hatapita tena kama mgeni.

RELI NA KINAMASI

Kabla ya reli, bonde hili lilikuwa malisho ya Wamaasai, nao waliuita mto wake Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Upande wa magharibi, pale nchi inapoanza kuinuka, ilianza misitu na mashamba ya Wakikuyu. Majirani hao walipigana mara nyingine, lakini pia walifanya biashara na kuoana.

Kazi ya kujenga reli ilianza Mombasa mwaka 1896. Watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuifanya, na wapatao 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na wanyama wakali. Tarehe 30 Mei 1899 reli ilifika kwenye maji baridi ya Wamaasai, mwendo wa maili 327 kutoka pwani. Mbele palikuwa na mwinuko mkali kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa. Wahandisi walihitaji pahali tambarare pa kuweka karakana, akiba ya vyuma na mahema ya vibarua kabla ya kuupanda mwinuko huo, na hapo palikuwa na uwanda na maji. Hiyo ndiyo sababu ya mji wa Nairobi kuwapo. Haukuchaguliwa kwa uzuri wake, wala kwa afya ya watu; ulichaguliwa kwa haja ya gari moshi.

Mwaka huo huo makao makuu ya reli yalihamishwa kutoka Mombasa, na ofisi za serikali za jimbo la Ukamba zikahamishwa kutoka Machakos. Mji ulikua kwa haraka juu ya udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hugeuka kinamasi. Mwaka 1902 tauni iliingia katika soko la Wahindi, na maduka yakachomwa moto ili kuua ugonjwa. Waganga wa serikali walilalamika kwamba pahali hapa hapafai kwa makao ya watu, lakini reli ilikwisha kutia mizizi. Mwaka 1919 Nairobi ulifanywa manispaa, na mwaka 1950 ukapewa hati ya kuwa jiji.

Atakaye kuziona habari hizo kwa macho yake na aende kwenye Jumba la Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni, lililofunguliwa mwaka 1971. Humo yamo magari moshi ya zamani, na pia behewa la Bwana Charles Ryall, afisa wa polisi. Mwezi wa Juni 1900 afisa huyo alilala ndani ya behewa hilo katika stesheni ya Kima, akimvizia simba aliyekuwa akila watu. Usingizi ulimshika, na simba akaingia akamchukua yeye. Watoto wa shule hulitazama behewa hilo kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote.

KATIKATI YA MJI

Kutoka stesheni, mwendo wa miguu unatosha. Kwenye kona ya Barabara ya Haile Selassie na Barabara ya Moi kuna bustani ndogo yenye ukuta wa majina. Hapo palisimama ubalozi wa Marekani mpaka tarehe 7 Agosti 1998, siku bomu lilipolipuka na kuua watu zaidi ya 200. Wengi wao walikuwa makarani, wapita njia na wasafiri waliokuwa katika shughuli zao za kila siku. Wenye haraka hupita nje ya ukuta. Wengine huingia, husoma majina na kukaa kimya.

Mbele kidogo, katika Barabara ya Moi, ambayo zamani iliitwa Government Road, kuna jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Lilijengwa kuwa benki. Sasa, pamoja na makaratasi ya serikali, limehifadhi vitu vya sanaa vya Afrika alivyovikusanya Bwana Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Mbele yake imesimama sanamu ya Tom Mboya, aliyepigwa risasi katika barabara hiyo hiyo tarehe 5 Julai 1969.

Juu ya yote huonekana mnara wa Jumba la Mikutano la Kenyatta, wenye orofa 28, uliobuniwa na Mnorway Karl Henrik Nøstvik pamoja na Mkenya David Mutiso, na kufunguliwa mwaka 1973. Kwa ada fulani mtu hupandishwa hadi kileleni. Siku isiyo na ukungu, mwenye macho mazuri aweza kuuona Mlima Kenya upande wa kaskazini, na vilima vya Ngong upande wa kusini-magharibi, vikifanana na vifundo vya ngumi iliyofumbwa.

Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, una kuba tatu na minara miwili. Jirani yake ni Maktaba ya McMillan, yenye simba wa mawe mlangoni. Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ukumbusho wa Sir William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyefanya maskani yake Kenya. Kwa muda wa miaka 30 hivi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Aliweza kuufagia ukumbi na kufuta vumbi juu ya vitabu, lakini si kukifungua kimoja na kuketi nacho. Halmashauri ya Jiji ilipokabidhiwa maktaba hiyo, mlango ukawa wazi kwa watu wa rangi zote.

Barabara ya Kenyatta ina sanamu za askari watatu Waafrika, ukumbusho wa waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake yamechongwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Haba mno ni nyumba za Afrika ya Mashariki ambazo hazikumtoa mtu kwa vita hivyo, hasa kuwa mpagazi, na wapagazi walikufa kwa maelfu mengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi.

Majina ya barabara nayo ni kitabu. Muindi Mbingu, ambaye barabara ya soko kuu la jiji yaitwa kwa jina lake, aliongoza Wakamba mwaka 1938 kuja Nairobi kwa miguu kulalamika juu ya kuuzwa kwa nguvu kwa ng'ombe wao. Walikaa mjini kwa majuma kadhaa bila ghasia, na hatimaye serikali ikaacha kuwalazimisha kuuza mifugo. Harry Thuku, ambaye barabara yake yapita mbele ya hoteli ya Norfolk iliyofunguliwa Krismasi ya 1904, alikamatwa mwaka 1922 kwa kuwatetea wafanya kazi juu ya kodi na kipande. Tarehe 16 Machi mwaka huo umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai afunguliwe. Mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, aliwatia wanaume haya kwa woga wao, na watu wakasonga mbele. Askari wakapiga risasi. Serikali ilihesabu maiti 21, naye Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Siku hizi vijana wa Chuo Kikuu cha Nairobi hupita hapo kila siku wakiwa na vitabu mkononi.

BUSTANI ILIYOPONA

Mtu akivuka Barabara ya Uhuru kuelekea magharibi hufika Bustani ya Uhuru, iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Ina majani, miti na ziwa dogo, na siku za sikukuu watu wa mitaa yote hufika hapo na watoto wao. Ndipo Katiba mpya ilipotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010.

Lakini bustani hii ilikaribia kutoweka. Mwaka 1989 ulitolewa mpango wa kujenga ndani yake jumba la orofa 60 la chama tawala na gazeti lake. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa chama cha kupanda miti cha Green Belt Movement, aliandika barua kwa wakubwa wa serikali na kwa mataifa ya nje, akiuliza kama wananchi wa London au New York wangekubali bustani zao zijengwe hivyo. Bungeni alitukanwa, na chama chake kikaondolewa katika ofisi ya serikali kilimokuwa. Hata hivyo wenye fedha walirudi nyuma, na jumba halikujengwa. Mwaka 1992 kina mama wa wafungwa wa siasa walikaa katika pembe ya bustani hiyo bila kula, wakidai wana wao. Polisi waliwapiga na kuwatawanya, nao wakahamia katika Kanisa Kuu la All Saints lililo karibu, wakakaa huko karibu mwaka mzima, mpaka wengi wa wana wao walipofunguliwa. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki mwaka 2011, lakini majani aliyoyatetea yangali yanakanyagwa na watoto ambao hawalijui jina lake.

KUELEKEA MAGHARIBI

Nyuma ya bustani nchi hupanda, na hewa hubadilika. Wazungu wa kwanza waliona hivyo, wakajitwalia miinuko ya magharibi yenye udongo mwekundu usiotuama maji. Wahindi waliwekwa Parklands na Ngara, na Waafrika wakapelekwa uwanda wa mashariki, ambako Pumwani ulianzishwa katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza. Mwafrika alionekana magharibi akiwa mpishi, mtunza bustani au yaya, na jioni alitakiwa awe na cheti. Hivyo, kutembea Kileleshwa au Westlands bila kuulizwa swali lolote, jambo ambalo kijana wa leo halifikirii kamwe, baba wa babu yake hakuliweza.

Kati ya Ikulu na Kileleshwa iko Bustani ya Miti, iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni ikuayo upesi, kwani magari moshi yalihitaji kuni. Eneo lake ni hekta 30 hivi, nayo ina aina zaidi ya 350 za miti, ya kienyeji na ya kigeni, mingi ikiwa na vibao vya majina. Mkulima apendaye kujua mti utakaofaa mpaka wa shamba lake aweza kujifunza hapo mengi kwa saa mbili.

Upande wa kaskazini, juu ya kilima kidogo, ni Jumba la Makumbusho la Taifa, lililofunguliwa hapo mwaka 1930. Hazina yake kuu ni mifupa ya Mvulana wa Turkana, aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Aliyeigundua mwaka 1984 ni Kamoya Kimeu, mtu wa Ukambani, ambaye aliingia katika kazi hiyo mwaka 1960 akiwa kibarua wa kuchimba, bila shahada ya chuo chochote. Kwa subira na jicho kali akawa mmoja wa wagunduzi wakubwa wa mifupa ya kale duniani.

Kutoka hapo yaanza Barabara ya Waiyaki. Juu ya sehemu yake ya mwanzo imepita barabara mpya ya kulipia, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Ilipokuwa ikijengwa, mugumo mkubwa wa Westlands, wenye umri wa miaka 100 hivi, uliwekwa katika hesabu ya miti ya kuondolewa. Kwa Wakikuyu mugumo ni mti wa maombi na haukatwi ovyo. Wananchi walipiga kelele, na mwezi wa Novemba 2020 amri ikatoka kwamba usiguswe. Mti mmoja si msitu, wala hauwezi kufidia miti mingine iliyoanguka njiani humo, lakini unaonyesha kwamba sauti za raia husikika.

Yampasa msafiri wa barabara hiyo ajue Waiyaki alikuwa nani. Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Wakikuyu wa Dagoretti na Kabete. Mwezi wa Oktoba 1890 alifanya mapatano ya udugu na Kapteni Lugard, akamruhusu kujenga ngome Dagoretti. Lugard alipoondoka, watu wa ngome walianza kunyang'anya chakula na kuwaudhi wenyeji, ngome ikachomwa. Waingereza wakajenga nyingine Kabete, wakaiita Fort Smith. Mwezi wa Agosti 1892 Waiyaki aligombana nao ndani ya ngome hiyo, akajeruhiwa, akafungwa na kupelekwa pwani. Hakufika, alifia Kibwezi, akazikwa huko. Leo mamia elfu ya watu hulitaja jina lake kila asubuhi wakiuliza hali ya magari, na wachache mno wajua habari hizo.

Barabara hupita Kangemi, mtaa uliojaa watu kutoka Magharibi ya Kenya, kisha Kabete. Huko, mwaka 1925, ilianzishwa Shule ya Jeanes ya kufundisha walimu wa vijijini, na baadaye watu wazima wa kazi mbalimbali. Siku hizi pahali hapo ni Chuo cha Serikali cha Kenya, na makarani wengi wa serikali wamepitia humo.

KAHAWA, KUTA NA MASHAMBA

Kusini ya barabara hiyo ni Lavington, ambako Mapadri wa Roho Mtakatifu walijenga misheni ya St. Austin mwaka 1899. Walipanda kahawa, na shamba lao lilikuwa miongoni mwa ya kwanza katika nchi ya bara. Kahawa ilienea, kisha miji ikaila. Palipokuwa na mibuni sasa ni nyumba zenye kuta ndefu. Ng'ambo ya kuta hizo, mwendo wa dakika chache, ni Kawangware, mtaa wa vyumba vya mabati, ambako watu hununua maji kwa mtungi. Msafiri mkweli hatautazama upande mmoja tu. Mpaka uliochorwa zamani kwa rangi ya ngozi sasa unalindwa na bei ya kiwanja.

Mwisho wa safari ni Karen. Nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1912 ilikuwa ya Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyelima kahawa hapo mpaka mwaka 1931. Shamba lilimshinda. Lilikuwa karibu futi 6,000 juu ya usawa wa bahari, pahali penye baridi na mvua chache kwa kahawa, na madeni yakamzidi. Kabla ya kuondoka aliisihi serikali iwape Wakikuyu waliokaa shambani ardhi ya kukaa pamoja, wasitawanywe, na ombi lake likakubaliwa. Kitabu chake cha mwaka 1937 kiliifanya nyumba hiyo ijulikane duniani, na tangu 1986 ni jumba la makumbusho. Mkulima atakayeitembelea atakumbuka kwamba udongo na hewa havisomi vitabu: zao lisilofaa pahali halitafaa hata likipendwa namna gani.

Mwenye nafasi ya siku mbili anaweza kuyaona mengi ya hayo. Siku ya kwanza atembee kwa miguu kutoka stesheni hadi Bustani ya Miti. Siku ya pili apande matatu ya Barabara ya Waiyaki hadi Kabete, kisha nyingine ya Barabara ya Ngong hadi Dagoretti na Karen. Afunge vizuri mfuko wake wa fedha, aulize ada kabla ya kuingia mahali, na awachukue watoto wake, kwani hao ndio watakaoulizwa kesho kama bustani iuzwe au mti ukatwe. Mtoto aliyewahi kucheza chini ya mti huo atakuwa na la kujibu.